Tausi, Saa Nne Asubuhi

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, na ikukute umekaa, maana ni ndefu. Mimi sijambo isipokuwa vidole, ambavyo wiki hii nimeviunguza mara tatu kwa chuma cha kuchomelea waya. Chumba changu bado ni kilekile juu ya stoo ya kamba, na mwenye nyumba bado anaahidi kuziba paa.

Jumapili mama aliniambia kwenye simu kwamba goti limepata nafuu, na kwamba yule fundi saa amekuja tena kuangalia saa ya ukutani. Saa gani hiyo inayoharibika kila Ijumaa? Nilipomuuliza akacheka kama msichana. Miaka kumi na moja sijamsikia mama akicheka vile. Nilifurahi mno.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu ni ya mama, na ukishikishwa husema "haloo" moja tu, kisha unamrudishia kana kwamba inachoma. Tena ni wewe uliyenifundisha kwamba hitilafu isiyoandikwa haijatafutwa. Basi naiandika.

Kuna nahodha hapa wa boti ya kuvuta meli bandarini. Tunamwita Pamba, kwa sababu huziba masikio kwa pamba asisikie injini zake. Alitaka intaneti botini ili mabaharia wake waangalie mpira wakisubiri meli. Nikafunga sahani ya satelaiti juu ya paa, nikapitisha waya, ruta nikaiweka juu ya kabati la vikombe, na kila kitu kikakubali mara ya kwanza. Hilo peke yake lilipaswa kunitia wasiwasi. Kisha nikawasha skrini ya ramani nihakikishe sijaharibu kitu, nikaona chombo.

Unazijua zile pembetatu ndogo. Kila chombo chenye AIS, kile kisanduku kinachotangaza jina la chombo na mahali kilipo, huonekana kwenye skrini za wenzake. Hiki kilikuwa maili kumi na mbili, upande wa kusini, kimesimama. Rada haikuonyesha kitu. Pamba akachukua darubini akaangalia: maji matupu, anga safi, wala si siku ya ukungu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Baada ya dakika tano kikatoweka, na kesho yake saa nne kamili kikarudi.

Nimekagua antena. Nimekata na kufunga upya plagi zote, moja ilikuwa imeshaanza kuliwa na chumvi. Nimebadilisha waya. Nimezima hata intaneti, isije ikawa ndiyo inayoleta mambo. Wapi. Kina jina na nambari tisa kama chombo chochote halali. Jina lenyewe sijaliandika hapa. Najua utaniuliza.

Mpwa wako,
Bisibisi

1 Machi

Bisibisi wangu,

Marahaba sana. Barua yako mama yako ameileta kutoka posta ameikumbatia kama mtoto. Hakuifungua, usihofu. Aliinyanyua tu kwenye mwanga, kisha akaniambia "ni nzito hii" na kukaa kitako mbele yangu wakati nasoma, akitazama uso wangu. Nikajitia kucheka mahali ambapo hapakuwa na kichekesho.

Huku tuzungumzie habari kubwa kwanza. Saa ya ukutani imepona, na fundi saa ametamka. Mama yako alimwacha asubiri siku tisa ili asionekane ana haraka, kisha akakubali. Ndoa ni tarehe tatu Julai, Jumamosi. Wiki iliyopita nilimsindikiza mahakamani kusaini ile karatasi inayosema baba yako alifariki. Alisaini mara moja. Tulipofika nje akakaa kwenye ngazi za duka la rangi akalia, mimi nimemshikia mkoba, watu wanatupita. Kisha akajifuta, akanunua kitambaa cha mapazia. Dada yangu ni mwanamke wa chuma, lakini chuma nacho huchoka, na nafurahi kwamba sasa atapata wa kuegemea.

Kuhusu hilo tatizo lako, usijitese. Macho yangu ndiyo yaliyostaafu, kichwa bado kiko kazini, na kinaniambia ni moja kati ya haya: chombo cha mbali ambacho mawimbi ya redio yameruka angani yakakiangusha pasipo pake, au fundi mvivu aliyeingiza nambari ovyo, au skrini yenyewe ni mbovu. Zima, subiri dakika kumi, washa. Futa orodha ya vyombo. Na kama kitazidi kukaribia kila siku, usikitazame. Funika skrini kwa kitambaa mpaka saa nne ipite, ufanye kazi nyingine.

Kula vizuri. Ukiambiwa paa limezibwa, mwagia maji kwanza ndipo ushukuru.

Mjomba wako

22 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na hongera ya dada yako. Nimempigia mama nikapiga vigelegele mpaka watu wa stoo ya kamba wakaja kuuliza kuna nini. Paa limezibwa. Nilimwagia maji. Halijazibwa.

Nina mambo mawili, na naomba usinipige chenga.

La kwanza, umesema "kama kitazidi kukaribia kila siku." Nimeirudia barua yangu, maana nakala ninayo kwenye daftari kama ulivyonizoesha. Nilikuandikia kwamba kimesimama. Sikuandika popote kwamba kinakaribia, kwa sababu wakati ule kilikuwa hakijaanza. Kimeanza siku nne baada ya mimi kuiposti barua. Leo kiko maili tano. Ulijuaje?

La pili, hukuniuliza jina. Wewe, Mjomba, ambaye ukipelekewa redio mbovu huuliza hata nahodha alikula nini asubuhi.

Basi nakuambia mwenyewe. Jina ni TAUSI. Nambari tisa ni zilezile. Nilikuwa na miaka kumi na tisa uliponiagiza niziandike kwa wino kwenye daftari la wateja, na baba akasimama nyuma yangu akisema andika vizuri, hiyo ni boti si mbuzi. Boti ya baba, Mjomba. Iliyoondoka gatini hapahapa saa nne asubuhi na baba na mabaharia watatu, na mapipa ya mafuta ya taa, isirudi, wala usipatikane ubao wake mmoja.

Nimeiona sasa kwenye skrini za boti tatu tofauti, za wateja wasiojuana. Pamba amenong'ona leo, akatoa hata pamba masikioni ili nijue hafanyi mzaha. Anasema jina hilo halitokei mpaka mimi niwe ndani. Nikishuka, skrini inakuwa safi.

Mimi ni fundi, siamini vitu visivyo na waya. Lakini kila Jumapili mama ananieleza rangi ya mapazia, na ulimi unaniwasha. Kama baba yuko mahali, hai, na mama anaolewa Julai, mimi nitakuwa mtoto wa namna gani nikinyamaza? Nipe sababu ya kunyamaza. Usiponipa, nitamwambia.

Bisibisi

13 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo. Mapazia yametundikwa, ni ya kijani. Fundi saa amehamisha sanduku lake la vifaa, anafanya kazi sebuleni, na nyumba nzima sasa inagonga tiki-tiki.

Nakuomba kwa maziwa uliyonyonya, usimwambie mama yako. Baba yako hayuko hai. Nakuapia. Usiniulize naapa kwa msingi gani.

Kuhusu kukaribia, kalamu iliniteleza tu. Mzee akiandika huandika lolote. Kuhusu nambari, mamlaka hugawa upya nambari za vyombo vilivyopotea. Bila shaka kuna mtu amepewa ile ya Tausi, na jina likabaki kwenye kumbukumbu ya mitambo. Ni jambo la ofisini, halina maana.

Miaka miwili iliyopita mama yako aliacha kuchungulia dirishani kila injini inapolia. Unajua ilimchukua miaka tisa. Ukimwambia Tausi imeonekana kwenye skrini, hataolewa Julai wala Julai ijayo, atarudi dirishani na atafia pale. Hilo ndilo utakalokuwa umemfanyia.

Na usiende kuitafuta baharini. Ukiitwa kwenye boti asubuhi, sema una kazi mpaka saa sita. Nisikie kwa hili moja tu.

Mjomba

4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mama nimeongea naye, viatu vya ndoa vinambana. Sijamwambia kitu. Nimekusikia kwa hilo moja.

Nimeuliza mamlaka. Nambari ya Tausi haijagawiwa kwa mtu, na yule bibi wa ofisini alinishangaa kwa kuuliza. Kwa hiyo ulinidanganya, na umri wangu wote hujawahi kunidanganya juu ya kazi.

Sikuhitaji kwenda baharini. Tausi imekuja yenyewe. Wiki iliyopita iliingia lango la bandari, ikapita katikati ya meli zilizotia nanga, na watu wakavuta sigara zao juu ya gati wakiangalia maji ambayo hayakuwa na kitu. Juzi ikasimama. Skrini ilisema mita mia mbili kutoka pale nilipokuwa, lakini si upande wa maji. Upande wa nchi kavu.

Nikachukua kipokezi cha mkononi chenye skrini ndogo nikashuka kuifuata kwa miguu. Mita mia moja na tisini, mia na hamsini. Nikaingia uwanja wa matengenezo, ambako boti hupandishwa na kuegemezwa kwenye magogo. Palikuwa na jua kali, watu wanapiga msasa, redio inaimba. Mita arobaini. Mita kumi. Nyuma ya banda la rangi kuna boti moja nyeupe ya starehe, imefunikwa turubai lenye majani yaliyooza. Mlinzi anasema ina miaka mitatu pale, mmiliki wake wa tatu ameshindwa kuiuza. Nikapanda ngazi. Kipokezi kikaandika sifuri.

Chini ya kiti cha nahodha nimekuta AIS. Nikafungua mfuniko. Waya zimefungwa kwa uzi mwekundu wa kushonea, mafundo mawili, halafu utepe juu yake, na juu ya utepe tarehe kwa mwandiko wako ule unaolala. Hakuna fundi mwingine anayefunga waya kwa uzi wa cherehani. Watu wamenicheka waliponiona nafanya hivyo, nikajibu ni urithi.

Tarehe ile, Mjomba, ni ya siku ambayo baba aliondoka.

Kifaa cha Tausi kimefikaje kwenye boti ya starehe asubuhi ileile? Kuna jambo jingine nililoliona mle ndani ambalo sijaliandika. Nitakuambia ukinijibu kweli.

Bisibisi

24 Mei

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo. Viatu vimepelekwa kwa fundi vikapanuliwe. Nimeandika barua hii mara sita na kuichana mara tano, na mama yako ameniuliza kama naandika wosia.

Mwenye boti nyeupe alikuwa mteja mkubwa. Asubuhi ile alikuja anafoka kwamba kisanduku chake kimekufa, ana wageni, na lazima aondoke kabla ya saa nne kwenda kaskazini. Kipya kilikuwa njiani, kifike Ijumaa. Tausi ilikuwa ubavuni pake, inapakia. Baba yako alikuwa anakwenda safari ya siku moja tu, kusini, njia aliyoijua kama chumba chake. Nikajiambia siku moja si kitu. Nikaking'oa cha Tausi nikamfungia tajiri. Nambari zile ukishaziingiza mara moja hazifutiki bila mitambo ya wakala, kwa hiyo nikaziacha, jina na yote.

Hapa ndipo mkono unapokuwa mzito. Sikumwambia shemeji. Niliona haya. Nikachukua ganda tupu la kisanduku kibovu, nikatia ndani taa ya kijani na betri ya tochi, nikalifunga mahali pake. Alipanda, akaangalia, akaona kijani, akaninyooshea dole gumba. Nami nikamnyooshea.

Tausi ilipokosekana jioni, waokoaji walifungua ramani. Ramani ikawaonyesha Tausi imekwenda kaskazini, mpaka ghuba ya hoteli, na hapo ikazimika. Tajiri alikuwa ametia nanga, amezima kila kitu, amekwenda kuogelea. Wakaitafuta kaskazini siku nne. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza usiku. Kila asubuhi nilivaa viatu niende kuwaambia. Kila asubuhi nilisema nitaanzaje. Siku ya tano wakaacha kutafuta, na baada ya hapo hakukuwa tena na wa kumwambia.

Sikuizamisha boti. Sijui kilichowapata. Lakini kama walikuwa wameshikilia ubao, walishikilia wakiiamini taa yangu.

Wiki moja baadaye nilimwendea tajiri nikamwambia kile kisanduku kina kasoro, asikiwashe tena. Hakikuwashwa tena. Kwa hiyo mimi sijui unakionaje, na nakuambia hivi nikiwa na akili zangu: kilinijia mimi kwanza. Mwaka wangu wa mwisho kazini, saa nne asubuhi, kwenye kila skrini niliyoiwasha. Maili kumi na mbili. Kumi. Tano. Kilipofika mdomoni mwa bandari nikaweka bisibisi chini nikasema macho yameniharibikia. Macho yangu hayana kitu. Nilikimbia, na kwa kuwa nilikimbia kimekufuata wewe.

Mama yako yuko chumba cha pili, anaimba. Nimwambie, nisimwambie? Sema wewe, nitafuata.

Mjomba wako

10 Juni

Mjomba,

Sina salamu leo.

Hukuwa na haki ya kunirushia swali hilo. Miaka kumi na moja umekula mezani kwa mama. Ulimshikia mkoba akilia. Nilikuwa nakupenda kuliko mtu yeyote aliye hai, wewe na yeye, na sasa nikikuwaza naona dole gumba. Nimelia mpaka nimeshindwa kwenda kazini siku mbili.

Mwambie. Kwa mdomo wako, si kwa kumsomea barua. Mwambie kabla ya ndoa ili aamue akijua, asije akajua baada ya kuamua. Nitampigia Jumamosi ya ndoa asubuhi. Nikikuta hujasema, nitasema mimi.

Nilikuahidi jambo nililoliona kwenye boti nyeupe. Haina betri. Mlinzi aliziondoa zote mwaka alioipokea. Waya za moto zimekatwa na ncha zake zimefungwa mfuko wa plastiki. Mlingoti umelazwa, antena haipo. Kile kisanduku hakina njia yoyote ya kusema neno, na kilikuwa kinasema.

Nilikifungua mezani kwangu. Ndani ya kifaa kilichokaa nchi kavu miaka mitatu, chini ya turubai, yakamwagika maji. Yalijaza kifuniko cha thamosi. Nikayaonja, nisamehe, ni mazoea uliyonipa: ni ya bahari, tena baridi. Nikatenganisha kila kipande, nikavikausha, nikavifungia kwenye droo tatu tofauti.

Kesho yake saa nne, kwa Pamba, jina lilikuwepo. Lakini limegeuka. Limetoka bandarini na sasa linakwenda kusini, polepole, likisimama kidogo kama mtu anayesubiri wa nyuma yake. Tangu Jumatatu limetulia mahali pamoja. Si njia ya meli. Pamba anasema kuna mwamba pale usioonekana maji yakijaa, na kwamba hakuna aliyewahi kutafuta chombo upande huo, kwa sababu hakuna aliyeambiwa.

Tunakwenda Alhamisi ijayo. Umenikataza, najua. Ulinikataza kwa ajili yako.

Bisibisi

6 Julai

Mpwa wangu,

Nakuandikia kutoka chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kina kitanda, ndoo na dirisha linalotazama ukuta. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha, usitume tena kule.

Nilimwambia Jumapili, siku sita kabla ya ndoa. Nilimwomba fundi saa atoke kidogo. Mama yako akasema akae, yeye si mgeni. Nikasema yote, tajiri, ganda, taa, siku nne. Saa zake zilikuwa zinagonga mle ndani zote kwa pamoja, nikajikuta nasubiri ziache.

Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Aliangalia ile taa?" Nikasema ndiyo. "Akaridhika?" Nikasema ndiyo. Akaomba maji. Akanywa. Akaniuliza kama siku ile ya tano, waokoaji walipokuja kumpa pole, mimi nilikuwa nimekaa kiti gani. Nikamwonyesha. Akakitazama kile kiti muda mrefu.

Kisha akaniambia: "Sina kaka mwingine. Jumamosi utanisindikiza, utasimama pale kaka anaposimama, na utatabasamu. Jumapili uhame." Akaingia chumbani akakata uzi wa mapazia uliokuwa umening'inia.

Nimefanya hivyo. Alipendeza sana. Nilitabasamu mpaka taya zikaniuma, na watu wakasema ndugu hawa wanapendana. Jumapili asubuhi nikakuta sanduku langu limefungwa, mashati yamepigwa pasi.

Sijui mlikuta nini kule, au kama mlikuta kitu. Mama yako anajua, ulimpigia, lakini hakuniambia na mimi sikuthubutu kuuliza. Nimeshika tama hapa nasikiliza mashine za magodoro. Sikuombi unisamehe, maana sina uso huo. Naomba tu uniandikie, hata tusi.

Mjomba wako, kama bado unaruhusu niandike hivyo

28 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku tano. Mama ndiye aliyesema nikuandikie.

Tuliondoka saa moja asubuhi, bahari imetulia. Pamba aliacha pamba zake nyumbani. Tulifika saa nne kasoro dakika chache, tukazima injini. Saa nne kamili jina likatokea kwenye skrini, na umbali ulikuwa sifuri. Lilikuwa chini yetu. Niliangalia kipima kina, kando ya ule mwamba: mita kumi na tisa, kisha kitu kimeinuka kutoka sakafuni, kirefu, kimelala ubavu. Tulikipita mara tano. Urefu wake ni mita kumi na nne, na wewe unajua ni urefu wa nini.

Nikachukua redio. Sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe. Nikasema, "Tausi, Tausi, huyu ni mwanao, tumewaona." Nikaachia kitufe tusikie. Hakuna aliyejibu, Mjomba, nisikudanganye. Ila ile hali ya kimya unayoisikia mtu anaposhika redio upande wa pili, kabla hajasema, tuliisikia sote wawili. Ilidumu dakika tano. Kisha kitufe kikaachiwa, na pembetatu ikatoweka.

Haijarudi. Manahodha wananisifu kwamba nimetengeneza skrini zao.

Nimemweleza mama yote. Aliuliza kama pale mahali kuna mwanga mchana. Nikamwambia maji ni safi, jua linafika. Akasema vizuri.

Hasira yangu haijaisha. Nakuambia wazi ili usisome kitu kisichokuwepo. Nikikumbuka siku nne zile siwezi kukuita kwa sauti ile ya zamani. Lakini nimejaribu kufunga waya bila uzi mwekundu na sikuweza, vidole vimekataa, nikalia mbele ya mteja.

Tarehe kumi na tano mwezi ujao Pamba anawapeleka wapiga mbizi. Mama anakuja, na mumewe. Kuna nafasi moja imebaki botini. Mama amesema ni yako, na kwamba hakuiti uje kupatanishwa naye wala na mimi. Amesema umemwambia yeye, umeniambia mimi, na bado wamebaki wanne kule chini ambao hujawaambia.

Boti inaondoka saa moja. Uwepo gatini.

Bisibisi